Goti la Waisiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Waisiko alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga, akashika mchi na kuanza kutwanga udaga wa mihogo. Kijiji chao kipya cha Kisaka kilikuwa bado kinanukia nyasi mbichi za kuezekea. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, na kila mtu alijua jirani yake amepika nini. Mwaka uliopita, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walitoka kwenye miji yao iliyotawanyika kule Kenyamonta wakaja kukaa pamoja. Ng'ombe walikuja, kuku walikuja, na mtoto Nyangwine naye akaja, akiwa mchanga kabisa.

Sasa Nyangwine alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa. Mchi ulipogonga kinu, alifumbua macho na kutazama huku na huku.

"Mwoneni huyo!" majirani walisema. "Masikio ya swala! Mchi wa dada yake haumpiti."

Waisiko alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Alikuwa anajua jambo ambalo mtu mwingine hakulijua pale kijijini, na jambo hilo lilimnyima raha.

Katikati ya kijiji ilitundikwa rimu kuukuu ya lori. Ilipogongwa, watu walichukua majembe na kwenda shamba la kijiji. Siku moja Waisiko alimlaza Nyangwine juu ya kanga karibu na pale, akawa anacheza rede na wenzake. Mara mgongaji akaja akaitwanga rimu kwa chuma. Kuku walitimka, mbwa wakabweka, Waisiko mwenyewe akaziba masikio. Nyangwine hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kulala, tena kwa raha zake.

Tangu hapo Waisiko alianza kumjaribu. Alipiga makofi nyuma ya kisogo chake. Aligonga sufuria kwa mwiko. Alimwita mpaka koo likakauka. Mtoto hakugeuka. Ndipo alipoelewa habari ya mchi. Nyangwine akiwa mgongoni, mchi ulimtikisa mwili. Akiwekwa chini mbali kidogo, mchi ungegonga mpaka kinu kipasuke naye asingejua.

Basi kwa nini hakusema? Hakusema kwa sababu ya litungu.

Baba yake, Heche, alikuwa mpigaji wa litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane ambalo bila hilo arusi ya Wakurya huwa haijachangamka. Kabla ya Nyangwine alikuwa amezika watoto wawili wa kiume. Alipompata huyu, alirudiwa na ujana. Kila jioni alimpakata, akauweka mkono wake mdogo juu ya ngozi iliyowambwa kwenye litungu, akaanza kupiga. Nyangwine alicheka mpaka mate yakamtoka.

"Mnaona?" Heche alisema kwa majivuno. "Mura wangu, kijana wangu huyu, ana sikio la muziki. Mikono yangu ikichoka, huyu ndiye atakayelipokea litungu la babu yake."

Waisiko alimtazama baba yake anavyong'aa, akayameza maneno yake. Alijiambia kuwa atasema kesho. Kesho ilipofika, alijiambia vivyo hivyo.

Jumamosi moja asubuhi alikuja balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Athuman. Alikuwa fundi cherehani aliyehamia kutoka Mugumu, mtu wa maneno mengi, na utepe wa kupimia nguo haukumtoka shingoni hata msikitini.

"Heche, leo zahanati kuna mgeni kutoka Mwanza," alisema. "Mtaalamu wa masikio. Anapima usikivu wa watoto wadogo. Mimi nimeagizwa nihakikishe hakuna mtoto wa nyumba zangu anayebaki, na mimi sitaki kuaibishwa."

"Wa kwangu hana haja ya kupimwa," Heche alijibu akicheka. "Labda aende akamwonyeshe huyo mtaalamu namna ya kusikia. Waisiko! Mchukue mdogo wako twende."

Waisiko alitafuta kisingizio, hakukipata. Mama yake, Rhobi, alikuwa ameshakwenda shamba la kijiji, hivyo hapakuwa na mwingine wa kumbeba mtoto.

Mtaalamu huyo aliitwa Dada Verdiana. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, aliyekaa kwenye kigoda kando ya Nesi Agustina wa zahanati. Waisiko akamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Huyu alizaliwa wapi?" Verdiana aliuliza.

"Kenyamonta," alijibu Heche aliyesimama mlangoni. "Alipozaliwa nesi wa huko alimtikisia njuga, akasema hana uhakika, tumrudishe baadaye. Halafu tukahama. Lakini dada, mtoto huyu anasikia. Anasikia litungu!"

"Watoto wa namna hiyo ndio ninaowatafuta," Verdiana alisema. "Mtoto anapimwa mara moja, anaambiwa arudi, kisha watu wanahama na habari zake zinapotea." Akamgeukia Waisiko. "Mpakate atazame mbele. Nesi atamchezea kwa kijiti hiki. Mimi nitapiga kengele nyuma yake. Wewe usimguse, usimwite, usimtikise. Umenielewa?"

"Ndiyo, dada."

Kengele ililia. Waisiko aliisikia vizuri sana, karibu na bega lake. Nyangwine alikuwa anatazama kijiti. Mlangoni Heche alikuwa ameshaanza kutabasamu, akisubiri kama mtu anayengoja mshahara wake. Kengele ikalia tena. Tabasamu la Heche likaanza kupungua, polepole, na Waisiko hakuweza kulivumilia.

Goti lake likainuka kidogo. Nyangwine akashtuka na kugeuka.

"Amegeuka," alisema Nesi Agustina.

"Nilikwambia!" Heche alipiga kofi moja kubwa. "Si nilikwambia?"

Verdiana akakunja uso, akapiga kengele upande wa pili. Goti likainuka tena, na mtoto akageuka tena. Nje foleni ilikuwa ndefu na akina mama walikuwa wanalalamikia jua. "Haya, inaonekana anasikia," alisema hatimaye. "Mwingine."

Waisiko alitoka nje. Alikaa chini ya dirisha amfunge Nyangwine mgongoni, na kutoka pale akamsikia Verdiana akizungumza na mama aliyefuata.

"Usilie, mama. Umemleta mapema, na hiyo ni bahati. Mtoto asiyesikia akijulikana angali mdogo, tunaweza kumfundisha kwa macho na kwa mikono, na wengine tunawapa kifaa cha kukuza sauti. Akichelewa, miaka inapita hana lugha yoyote. Si mjinga, lakini watu watamwita mjinga."

"Utarudi lini, dada?" mama yule aliuliza.

"Leo mchana naondoka kwenda Mugumu. Huku sitarudi mpaka masika yaishe."

Maneno hayo yakamwingia Waisiko na kukaa. Njia nzima ya kurudi nyumbani yeye alikuwa haoni wala hasikii, na baba yake alikuwa anapiga mluzi.

Nyumbani Heche alilitoa litungu mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mzee Athuman alikuja, na majirani wachache wakafuata. Waisiko alipewa ugali na dagaa, akausogeza kando. Alitazama jua. Aliwaza gari la Dada Verdiana kule zahanati linapakiwa mizigo. Aliwaza masika, mvua kubwa, mito ikifurika, na Nyangwine akikua bila kujua kwamba ana jina. Alimwogopa baba yake, tena sana, na hasa aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeizima furaha ile.

Akasimama. Akaenda mpaka mbele ya Heche.

"Tata, naomba nimchukue Nyangwine kidogo."

Akamtoa mapajani pa baba yake, akampeleka mbali kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa uani. Akamkalisha akiwapa watu mgongo, akamshikisha gunzi la hindi.

"Sasa piga, Tata."

Heche akacheka, akapiga. Nyangwine alikuwa anatafuna gunzi lake. Heche akapiga wimbo ule anaoupenda mtoto. Nyangwine akaligeuza gunzi, akaanza upande wa pili. Heche akapiga kwa nguvu, akaita jina la mwanawe, akapiga tena mpaka uzi mmoja ukakatika. Mtoto hakugeuka.

"Amechoka," alisema Heche, lakini sauti yake haikuwa yake.

Waisiko akamrudisha Nyangwine, akauweka mkono wake juu ya ngozi ya litungu, akachezesha uzi mmoja kwa kidole. Mtoto akacheka papo hapo.

"Anausikia kwa mkono, Tata," Waisiko alisema, machozi yakimtoka. "Masikio yake hayasikii. Nimejua tangu siku ya rimu. Na kule zahanati nilimtikisa kwa goti. Nilidanganya."

Heche aliinuka, mkono ukainuka pamoja naye. Mzee Athuman akaingia katikati, na utepe wake shingoni.

"Heche! Mtoto amekwambia kweli. Ukimpiga leo kwa kusema kweli, kesho utaambiwa na nani?"

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Heche akamtazama mwanawe anayecheka, akakaa chini ghafla, akafunika uso.

"Gari," alisema Waisiko. "Gari la mtaalamu linaondoka mchana."

"Kumbe tumekaa!" Mzee Athuman akarukia baiskeli yake na kupotea ndani ya vumbi.

Heche alimbeba mtoto, wakakimbia. Njiani wakakutana na Rhobi anatoka shamba na jembe begani. "Kuna nini? Mtoto ana nini?" aliuliza, na walipomjibu alitupa jembe kwenye majani, akakimbia nao.

Walipofika zahanati, Landrova ilikuwa inanguruma, na mbele yake Mzee Athuman amelaza baiskeli katikati ya njia, amesimama nayo. "Mtapita juu ya balozi!" alikuwa anamwambia dereva.

Verdiana akashuka. Waisiko alimweleza yote bila kupunguza. Alitarajia kukaripiwa, lakini Verdiana hakumkaripia. "Nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Nami nilifanya haraka. Njooni ndani."

Safari hii Nyangwine alikalishwa mkekani, hakuna aliyemgusa. Njuga haikumgeuza, wala kengele. Ngoma ilipopigwa karibu yake kwa nguvu, alipepesa macho.

"Kuna usikivu kidogo sana uliobaki," Verdiana alisema. "Hatasikia kama nyinyi, siwezi kuwadanganya. Mleteni Mwanza hospitali kubwa apimwe kwa mashine. Huenda kifaa kikamsaidia kidogo. Lakini kazi kubwa mtaanza leo nyumbani. Zungumzeni naye akiwaona usoni. Mwonyesheni vitu kwa mikono. Kuna shule za watoto wasiosikia, na akifikia umri atakwenda."

"Dada, nimekosa nini mimi?" Rhobi aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni laana ya nani?"

"Si laana, mama. Pengine ni homa uliyoipata ukiwa mjamzito, pengine amezaliwa hivyo tu. Hujakosa." Verdiana akamgeukia balozi. "Mzee, familia hii ikihama, hata ikihamia Morotonga, wewe umwambie Nesi Agustina wamekwenda wapi. Nesi atamwona mtoto kila mwezi, naye atanipasha habari. Sitaki apotee mara ya pili."

"Apotee?" Mzee Athuman alijinyoosha. "Katika nyumba zangu kumi? Labda nipotee mimi."

Jioni hiyo Heche alikaa mlangoni akifunga uzi mpya kwenye litungu. Alipomaliza aliliegemeza ukutani, hakupiga. Waisiko alikuwa anapepeta unga bila kuuona. Alifikiri kwamba ameliua litungu la baba yake.

"Waisiko," Heche aliita. "Mlete mura wangu."

Akampakata, akauchukua ule mkono mdogo na kuuweka juu ya ngozi, mahali pake pa siku zote. Akapiga polepole. Nyangwine akamtazama babaye usoni, akacheka mpaka mate yakamtoka. Machozi yalimshuka Heche, naye hakuyafuta.

"Sikiliza, binti yangu," alisema huku akiendelea kupiga. "Ulificha kwa sababu unanipenda. Najua. Lakini uliyempenda ni mimi, na aliyekuwa anaumia ni huyu. Mtu akiona tatizo la mtoto mdogo, alisemee, kwa maana mtoto hana mdomo wa kujisemea. Aseme mapema, hata kama aliye mbele yake atalia."

"Nimekosa, Tata. Nimekuvunjia furaha."

"Umenikatia uzi mmoja," Heche alisema, akaugusa ule uzi mpya. "Uzi unafungwa. Ungenyamaza mpaka masika yapite, miaka ya huyu iliyopotea ningeifunga kwa uzi gani?"