Kiti cha Lungelo

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na lilifanywa kwa huruma. Ndiyo maana Mzee Mfanafuthi Mkhize, hata baadaye, hakuweza kumlaani aliyelifanya.

Ndege ilikuwa imeondoka New York saa tano asubuhi, ikielekea Johannesburg bila kutua popote. Huko mbele, katika daraja la biashara, ambako kiti hukunjuka kikawa kitanda na abiria huletewa taulo ya moto kabla hata hajaomba maji, mzee alikuwa na viti viwili vya katikati vinavyopakana. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mwanawe Lungelo, aliyekufa.

Lungelo aligongwa na lori katika barabara moja ya mji ule. Mwili ulirudishwa, ukazikwa nyumbani Mbumbulu, watu wakaimba, wakala, wakatawanyika. Lakini yeye mwenyewe hakurudi. Mama yake, MaNgcobo, alimwota kila juma amesimama kando ya barabara asiyoijua, viatu mkononi, anatazama magari yanavyopita. Mama wa watu akakonda, akaacha hata kusuka nywele. Mwishowe wazee wakasema lile ambalo kila mtu alikuwa akilijua: baba aende na tawi la mkunazi mwitu, akamchukue mwanawe pale alipoangukia.

Ofisi alikofanya kazi marehemu ikatoa tiketi, mbili za kurudi. Mzee akalaza tawi juu ya lami, akaita majina ya sifa ya ukoo, akasema, "Lungelo, inuka. Twende nyumbani." Tawi likawa zito mkononi, kana kwamba kuna mtu ameshika upande wa pili.

Tangu hapo hakusema na mwingine. Ndilo sharti. Mwenye tawi husema na marehemu peke yake, akimweleza njia: hapa tunapanda, hapa tunavuka maji. Akimjibu mtu mwingine yeyote kabla ya kufika nyumbani, marehemu hubaki palepale neno lilipotamkwa.

Binti yake alimwandikia barua ya kuwaonyesha wahudumu. Mistari mitatu, yote juu ya kunyamaza. Juu ya kiti hakuandika neno. Kwao, nani angekalia kiti cha mtu anayepelekwa nyumbani?

Denzil, msimamizi wa wahudumu, aliisoma ile barua mlangoni, akaweka mkono kifuani. "Pole sana, baba. Hatutakusumbua." Alikuwa kijana wa Cape Town, mwenye adabu na haraka. Baadaye, ndege ilipokwisha kutulia angani, alitazama orodha yake. Lungelo Mkhize: hakufika langoni. Wafu hawaonyeshi pasipoti. Kwa Denzil, kiti kilikuwa wazi, na kule nyuma kulikuwa na mama aliyevunjika goti, analia kimyakimya.

"Njoo, anti, taratibu. Huko nyuma hilo goti lingekutoa roho."

Mzee alimwona mwanamke mnene mwenye plasta ngumu mguuni anakuja akijishikilia viti. Akanyanyua mkono. Akatikisa kichwa, akaonyesha kiti, akaonyesha tawi lililofungwa kitambaa mapajani mwake, akaonyesha kiti tena.

"Anasema nini?" mwanamke aliuliza.

"Hasemi, anti. Ana msiba. Nadhani anakukaribisha."

"Basi ahsante, baba. Mimi Charmaine Adonis. Nikikoroma nipige teke, ila uchague mguu mzima."

Akakaa.

Tawi likashtuka mapajani mwa mzee. Lilishtuka kama mtu aliyesukumwa kitini akadaka chochote kilicho karibu asianguke. Mzee alilikumbatia kwa mikono miwili, miiba ikapenya kitambaa ikamchoma, naye akainama akanong'ona, "Shika, mwanangu. Shika hapa kwangu. Tuko juu ya maji makubwa."

"Unaongea na nani, baba?" Charmaine alikuwa anacheka. "Na mimi, au na Mungu? Kama ni Mungu, mtajie goti langu."

Alikuwa mtu mwema, na msemaji. Alimwambia kwamba yeye ni mpishi wa hoteli, kwamba binti yake amezaa kule New Jersey, kwamba mtoto ana masikio ya baba yake, maskini. Chakula kilipoletwa alikisifu, kisha akakikosoa. "Samaki huyu amepikwa na mtu mwenye chuki na samaki." Mzee alitazama mbele. Hakugusa kitu.

Baada ya chakula wahudumu waliteremsha vifuniko vya madirisha na kuzima taa, ili watu walale. Nje lilikuwa jua la alasiri. Ndani pakawa giza la kutengenezwa, lenye taa ndogo za bluu sakafuni.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, tope ambalo halijawahi kuona mwanga.

"Denzil, mwanangu," Charmaine aliita kwa sauti ya chini. "Kiti hiki kimelowa."

"Umemwaga juisi, anti."

"Juisi gani ina chumvi?" Alikuwa amejilamba kidole. "Kimelowa chini yangu, na mimi si mtoto wa kujikojolea. Halafu ni baridi. Baridi yake inapan..."

Hakumaliza neno.

Mzee aligeuka polepole. Charmaine alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, na maji yalikuwa yakimtoka mdomoni bila yeye kukohoa, maji meusi yanayotiririka kidevuni mpaka kifuani. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka. Ukashika vidole vya mkono wa kushoto, ukaanza kuvirudisha nyuma kimoja kimoja, na kila kimoja kilipovunjika kililia kama kijiti kikavu, na macho yake, ambayo bado yalikuwa yake, yalitazama mkono ule kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani anayemla kuku wake.

Denzil alikuja mbio. "Anti! Anti, niangalie!" Akainama kumfungua mkanda, na ule mkono wenye vidole vilivyovunjika ukamkamata nywele za kisogoni ukampigiza uso kwenye ukingo wa kiti, mara moja, mara mbili, mara ya tatu meno yakaruka yakagonga ile meza ndogo ya chakula, na alipojaribu kujikwamua kwa mikono yote miwili alikuta nguvu aliyopambana nayo si ya mwanamke wala ya mwanamume, ilikuwa nguvu ya maji yanayovuta mtu chini, maji yasiyochoka wala kuhurumia. Alitupwa kwenye kigari cha vinywaji. Chupa zikapasuka. Akabaki pale sakafuni, damu inamtoka puani na masikioni.

Abiria waliamka wakipiga kelele, wakakimbilia nyuma, wakakanyagana penye pazia. Ndege ikaanguka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba, watu wakagonga dari, ikajishika, ikatetemeka. Mguu wenye plasta ulikuwa ukipiga kiti cha mbele, ukipiga, ukipiga, hata plasta ikapasuka vipande, na goti lililokuwa halijaunga likapinda upande ambao goti halipindi.

Kisha kile kilichomwingia kikatulia. Kichwa cha Charmaine kikamgeukia mzee.

"Baba," kikasema.

Ilikuwa sauti ya Lungelo. Ilikuwa na ule mkwaruzo aliokuwa nao tangu utotoni, tangu alipougua koo.

"Baba, nina baridi."

Moyo wa mzee ulipasuka. Kama ni Lungelo, mzee alikuwa na ruhusa ya kusema naye, huyu peke yake duniani. "Lungelo?" alinong'ona. "Ni wewe unayefanya haya?"

"Ni mimi, baba. Wamenikalia. Nimekasirika."

Mzee alilitazama tawi. Lilikuwa bado zito mikononi mwake, bado lina mtu. Akaita sifa za ukoo, zile ambazo mtoto wa Mkhize huzijibu kabla hajajua kuhesabu, ambazo Lungelo alikuwa akizijibu akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba husema la kwanza, mtoto husema la pili.

"Khabazela," mzee aliita.

Maji yalidondoka.

"Khabazela," kile kitu kikarudia lilelile la kwanza, kwa midomo inayojifunza.

"Khabazela!"

"Khabazela," kikarudia tena, kikacheka, na sauti ya Lungelo ikavuliwa kama nguo. Iliyobaki ilitoka mbali sana chini. "Sina ukoo, mzee. Mlinitandikia kiti juu ya maji yangu, mkaweka na nyama juu yake. Nikapanda."

Mzee akafumba mdomo. Alikuwa shemasi wa kanisa la mavazi meupe, alikuwa amesimama mara nyingi mbele ya wagonjwa wenye pepo, akikemea mpaka mchana. Maneno alikuwa nayo. Yalimjaa kooni.

"Unanyamaza," jini likasema kwa upole. "Vizuri. Unajua hesabu yako. Ukininyamazia, nitammaliza huyu mwanamke, nitashuka zangu, na mwanao utafika naye kwa mama yake. Ukinikemea, umesema na asiye wako. Utamwacha hapa hapa, kwangu. Nimlee." Likamwinamia karibu, harufu ya tope ikamjaa usoni. "Nyamaza tu, shemasi. Nani atakulaumu? Hata barua unayo."

Kisha likashika kipande cha chupa na kuanza kumchana Charmaine shingoni, polepole, kuanzia sikioni.

Mungu wangu, mzee aliomba moyoni, usinipe hili la kuchagua. Umenichukulia mtoto mara moja. Akayafumba macho. Akamwona MaNgcobo na nywele zake zisizosukwa. Akamwona Lungelo, viatu mkononi.

"Baba."

Hii ilikuwa sauti ya Charmaine mwenyewe, nyembamba, inayokabwa na maji. Jini lilikuwa limeuachilia mdomo wake, ama kwa dharau, ama ili mzee asikie vizuri. "Baba, usiniache. Mjukuu wangu bado... Baba, upo?"

Mzee Mkhize akafungua macho.

"Nipo, mama," akasema. "Nipo hapa. Sikuachi."

Tawi likawa jepesi.

Hakupewa muda wa kulia. Jini lilinguruma, vifuniko vya mizigo vikafunguka vyote kwa pamoja, na yeye alikuwa amekwisha simama, mzee wa miaka sabini na mmoja, amelishika tawi kwa mikono miwili kama fimbo ya ibada, na sauti iliyokuwa imefungwa kwa siku tatu ikatoka yote kwa wakati mmoja: "Kwa jina la Yesu mwana wa Mungu aliye hai, mwachie! Wewe usiye na baba, usiye na kaburi, usiyeitwa na mtu, mwachie mtoto wa watu!" Alimpiga nalo kifuani, miiba ikanasa, akavuta, na kilichovutwa kilikuwa kizito kuliko mtu, kikambamiza kwenye viti, kikamvunja mbavu mbili, kikamwuma begani kwa meno ya Charmaine mpaka mfupani, naye hakuacha, alikemea huku analia, alikemea huku anaita jina la mwanawe, mpaka maneno yakachanganyika na hakujua tena ni lipi la kufukuza na ni lipi la kuaga.

Maji yakamtoka Charmaine, mengi, yakapita chini ya viti vyote, yakafika mlangoni, yakatoweka pasipo na tundu.

Ndege ikanyooka. Mtu fulani akapandisha kifuniko cha dirisha, na jua la alasiri likaingia.

Charmaine alikuwa hai. Daktari mmoja kutoka nyuma alimshona shingo. Denzil, ameukandamiza uso kwa taulo, alimtazama mzee kwa jicho ambalo halikuvimba.

"Baba, umesema," akatamka kwa tabu kupitia meno yaliyovunjika.

"Ndiyo, mwanangu. Nimesema."

Safari yote iliyobaki mzee aliketi na tawi mapajani, akiita. Khabazela. Khabazela. Hakujibiwa.

Johannesburg ilikuwa asubuhi ya baridi. Ukoo ulikuwa umesafiri kwa basi dogo la kukodi kutoka Mbumbulu, nao wanawake, walipomwona anatoka na tawi, walianza wimbo kwa sauti ya chini. MaNgcobo alikuwa mbele. Alikuwa amesuka nywele. Mikononi alikuwa na blanketi jipya jeupe, na kama ilivyo desturi hakumtazama mumewe, alilitazama tawi.

"Lungelo, mwanangu," alisema. "Karibu. Nimekutandikia kile chumba chako. Ingia upumzike."

Mzee alisimama. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kwake kungekuwa jibu, na hakuna ambaye angejua. Mbuzi angechinjwa, tawi lingelazwa juu ya mkeka, na MaNgcobo angelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini chumba kilikuwa kimetandikwa, na jina lingeitwa ndani yake, na mwenye jina hayupo. Sasa alijua ni nini huja mahali kama hapo.

"MaNgcobo," akasema. "Umeamkaje, mke wangu?"

Wimbo ukakatika. Mtu mmoja akaguna: mwenye tawi hasalimii watu, ila tawi likiwa tupu. MaNgcobo aliendelea kulitazama tawi kwa muda, kama aliyechelewa kusikia, halafu blanketi likamshuka mikononi.

"Wapi?" akauliza. "Umemwacha wapi? Nitajie, niende mwenyewe."

Mzee alijua barabara ile ya New York, angeweza kumchorea. Lakini pale alipomwacha hapakuwa na barabara, wala jiwe, wala jina, wala mahali pa kulaza tawi.