Karibu ya Pili

Asia alitafuna pilipili kichaa nzima, na mbegu zake, wala haikumwasha. Akamtazama mdogo wake Pili, naye anatafuna yake, macho makavu. Pili yule yule ambaye harufu ya pilipili tu ilimtoa jikoni mbio! Wakaendelea kula.

Tuseme kweli, kosa lilikuwa la adabu. Asia alikuwa fundi wa kuchora kuta. Milima ya Uluguru aliikodolea macho mpaka watu wakamwona punguani, na akitoka hapo, kenge na kipanga wanapanda ukutani kwa udongo mwekundu na mkaa, hai kabisa. Mwaka reli ilipofika Morogoro, Mdachi mmoja wa bomani alitaka baraza lake lichorwe mbega. Sasa, mbega bila manyoya meupe mabegani si tumbili tu? Na udongo mweupe wa kufaa uko pangoni, juu kwenye maporomoko. Watu wa mlimani wakifika pale hupiga makofi, huchota, huondoka bila neno. Asia, mtoto wa mjini, aliyefunzwa asiingie kwa watu kama mwizi, alisimama mlangoni mwa pango akasema, "Hodi!"

"Karibu," akajibiwa.

Sauti nzuri tu, ya mtu mzima. Aliingia, hakukuta mtu. Akachota udongo wake akashuka mbio bila kuaga.

Siku ya tatu, adhuhuri, hodi ikapigwa nyumbani kwao. Pili, mcheshi yule, akajibu huku anasaga rangi: "Karibu mgeni! Kigoda hicho, na mchumba ni mimi!"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ikaingia harufu ya kinyesi cha popo, na kigoda kikalia kana kwamba kimekaliwa.

"Dada, umesikia?" Pili alinong'ona.

"Nyamaza."

Tangu hapo wakafa ganzi, kwanza ulimi, kisha vidole, kisha huko ndani kusikoonekana, hata Asia akaipua chungu motoni kwa mikono mitupu akatazama malengelenge yakitoka kama ya jirani, na kigoda kikawa kinalia na kusogea, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka kikamgusa Pili goti, naye Pili, aliyezoea kutania hata mzigo wa kuni, akaendelea kusaga rangi.

Majirani wakamwita Babu Mwinjuma, mganga, mjomba wa marehemu mama yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Loo, wajukuu zangu, mmekaribisha!"

Akafukiza ubani. Moshi ukapita kando ya kigoda. Mzee akashusha sauti. "Huyu kaingia kwa kukaribishwa, siwezi kumfukuza. Atasindikizwa na aliyemkaribisha. Pili atampeleka mpaka mtoni. Akitia mguu majini tu, wewe Asia mwite mdogo wako kwa jina, atageuka. Usipomwita, akivuka, ameolewa huko. Mimi hatanisikia, hodi ilikuwa yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unaogopa?"

"Hapana, babu."

Mzee akashika kichwa. "Mungu wangu. Hapo ndipo ninapoogopa mimi."

Pili akatoka, mkono mmoja ameuinua pembeni, vidole vimefumbata kitu kisichoonekana. Alikuwa radhi, kama mtu aliyetumwa chumvi. Asia na mzee wakamfuata mpaka ukingoni. Maji yakamfika kifundoni.

"Mwite," mzee alinong'ona.

Jina lilikuwa mdomoni. Lakini amwitie nini? Si anavuka tu? Maji yakafika magotini, kiunoni.

"Mwite, mama! Mwite, nakuomba!" Machozi yalimtiririka mzee ndevuni. Asia akapiga miayo.

Pili akapanda ng'ambo, migomba ikamfunika.

Ndipo mikono ikaanza kumuuma Asia. Iliwaka, akaipuliza, akalia kwa maumivu. Kisha ganzi ikaachia moyoni, na akaelewa alichokifanya.

"Pili!" alipiga ukelele, akajitupa majini. "Pili weee! Mdogo wangu! Pili!"

Babu Mwinjuma alikuwa ameketi kwenye majani, hana nguvu hata ya kumshika.

"Sasa ndiyo unaita," alisema.