Buji kwenye Babula

Katsuva alikuwa mchuuzi wa mchele na mawese. Aliishi na mke wake Kaswera na binti yao Patience katika mtaa wa Saio, mjini Bunia. Kila juma alikwenda Mambasa kwa pikapu yake kununua mzigo, na huko alimsalimu mama yake.

Miaka ya nyuma barabara ile ilikuwa ya kukimbia na kulia. Sasa ilikuwa imetulia kidogo. Watu walisafiri mchana, na jioni ikikaribia kila dereva alitafuta mahali pa kulala. Amani ilikuwapo, lakini watu walikuwa hawajaizoea.

Pikapu ya kwanza ya Katsuva ilitumia mazutu, yaani dizeli. Hii ya pili ilitumia esanse, yaani petroli, na ilikuwa na turbo. Katsuva aliipenda kuliko viatu vyake vya Jumapili. Kilimani iliwapita madereva wote, naye aliwapungia mkono kama mheshimiwa.

Siku moja injini ilianza kutetemeka. Asubuhi iliwaka kwa shida. Ikipanda kilima, ilikohoa. Katsuva alifanya kama madereva wenzake wanavyofanya. Alifungua injini akatoa buji, vile vidude vinne vinavyotoa cheche ya kuwasha esanse. Akazisugua kwa msasa. Kisha akaziweka juu ya babula ya Kaswera, jiko lake la mkaa, kwenye makaa ya moto, ili masizi yaungue.

Kaswera alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo. Alimtazama mumewe akacheka.

"Papa Patience, leo tutakula buji na sombe?"

"Weye pika tu. Hii iko dawa ya badereva."

"Lakini juma iliyopita ulizichoma pia. Juu ya nini haununue zingine?"

"Kununua ya nini? Si ziko nawaka?"

Kweli, gari liliwaka. Likaenda vizuri siku chache, kisha likakohoa tena. Katsuva akarudi kwenye babula. Alifanya hivyo mara nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nani anakumbuka methali gari likiwa bado linatembea?

Asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Denise, dada mdogo wa Katsuva, anayeishi Mambasa na mama yao, Mama Vahwere. Yeye humwita kaka yake Yaya.

"Yaya, mama iko mubaya sana. Tangu jana iko naita jina yako. Kuya leo, Yaya. Anataka akubariki."

"Niko nakuya. Umuambie aningojee."

Kwao, mzazi anayeondoka humshika mtoto wake kichwani na kumwachia neno la baraka. Mtoto mkubwa asiyelipata hubaki na deni moyoni maisha yake yote. Kaswera alichukua kitenge na thermos ya uji, wakaondoka jua likiwa bado changa.

Walikuwa hawajafika Komanda, mji mdogo ulio njiani, taa ya njano ilipoanza kumetameta mbele ya usukani. Kilima kilikuwa mbele yao. Katsuva alikanyaga pedali ya esanse. Injini ilitetemeka, ikakohoa, ikakosa nguvu. Alikanyaga zaidi. Gari lilisimama katikati ya kilima.

Alitoa buji akazisugua kwa msasa. Gari lilikwenda kidogo, likasimama tena. Magari mengine yalipita mbio. Hakuna aliyesimama, maana wakati ule gari lililosimama kilimani liliwatia watu hofu. Wengi walikuwa wamewahi kutegwa hivyo. Katsuva hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amewapita wengi waliokwama.

Mchana ulikwisha wakiwa barabarani. Walifika Komanda wakitambaa, na kizuizi cha askari barabarani kilikuwa kimefungwa kwa usiku. Askari alikataa kabisa kuwafungulia. Kaswera alimpigia Denise.

"Tutafika kesho asubuhi. Mupatie mama simu, azungumuze na Papa Patience."

"Mama hawezi kusema tena," Denise akajibu. "Iko naangalia mulango tu."

Mama Vahwere alifariki kabla hakujapambazuka. Katsuva alifika asubuhi, gari likitambaa vilevile, akamkuta amefunikwa shuka. Alipiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Mkono ulikuwa baridi. Watu waliokuwa chumbani walilia kwa sauti, nao waliokuwa nje wakajua amefika.

Walimzika. Waliporudi Bunia, watu walikuja kukaa matanga nyumbani Saio. Muzee Lambert, mjomba wa Katsuva, alisema kwa sauti kubwa:

"Gari ya turbo haikufe tu vile. Mutu alifunga ile gari na uchawi!"

Macho yakageuka kuelekea nyumba ya jirani. Jirani yule alikuwa wa kabila lingine. Katika Bunia ya wakati ule, neno kama hilo liliweza kuchoma mtaa.

Adrien, fundi wa magari kutoka mtaa wa Ngezi, alikuwa amekaa nao. Aliinuka polepole.

"Muzee Lambert, pole sana. Lakini mbele ya kutafuta mulozi, tufungue kwanza motere."

Wakatoka nje uani, wakaifungua injini. Adrien alitoa buji akaziweka kwenye kiganja.

"Papa Patience, angalia. Hii ncha imeisha. Nafasi ya kurukia cheche imekuwa kubwa. Na hapa kaure, hii nyeupe, imepasuka. Uliziweka kwenye moto?"

"Kwenye babula," Katsuva akajibu kwa sauti ndogo.

"Moto na msasa vinaziua. Buji ya namna hii ncha yake iko nyembamba sana. Hapana kuisugua."

"Lakini gari ya shemeji yangu ilitembea myaka mingi na buji zake," Kaswera akasema.

"Ile haina turbo, mama. Turbo inasukuma hewa mingi ndani ya motere. Ni kama kuwasha kiberiti penye upepo. Cheche zaifu inazimika, zaidi sana kwenye kilima, pale turbo inafanya kazi nguvu. Kwa hiyo buji za turbo zinachoka mbio, na zinabadilishwa mapema."

"Mapema namna gani?"

"Kitabu cha gari kinasema kilometa. Hapana kuzipitisha. Na huku kwetu, juu ya vumbi na esanse ya kuuzwa kwenye chupa, uzicheki mbele ya ile kilometa kufika. Motere ikitetemeka, ikiwaka kwa shida asubuhi, ikikunywa esanse sana, ikikosa nguvu kwenye kilima, kuya mara moja. Unabadilisha zote ine pamoja, za numero ile kitabu inaandika. Na motere iwe imepoa."

Muzee Lambert alitazama chini. Hakusema tena habari ya mtu aliyefunga gari.

Katsuva alichukua buji moja kutoka kiganjani mwa Adrien.

"Adrien, niambie kweli. Kama ningezibadilisha, mama angepona?"

"Ile siwezi kujua, ndugu yangu," Adrien akasema. "Lakini ungefika."

Katsuva alilia pale pale, mbele ya wote, na hakuficha uso. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na mjukuu huyu hakuwa wa kubebwa na mtu mmoja. Kaswera alimshika bega.

Kesho yake Adrien aliweka buji mpya. Alizifunga kwanza kwa vidole, kisha kwa spana. Aliandika kilometa ya kuzibadilisha tena kwa rangi nyeupe chini ya boneti, ili Katsuva aione kila anapoongeza maji. Injini ilitulia. Tangu siku hiyo babula ya Kaswera ilipika chakula tu.

Siku ya arobaini, familia ilikwenda Mambasa kwa misa ya Mama Vahwere. Pikapu ilipanda kile kilima bila kukohoa hata mara moja. Walipita Komanda mapema, wakafika Mambasa kabla ya saa sita.

Denise alitoka mbio, mikono myeupe kwa unga.

"Yaya! Mumefika mapema hivi!"

Kisha alisikia alichosema, akaziba mdomo. Katsuva alizima injini. Alibaki ameshika usukani, akitazama mlango wa mama yake. Ulikuwa umefungwa.