Bunduki Iliyoshuka Dunguni

Jirani zangu wa Mahege, nyumba yetu ilikuwa tulivu alasiri ile. Mjukuu wangu Nasma alikuwa anatwanga mpunga, mimi napepeta, na kaka yake Twalibu kajinyoosha mkekani. Twalibu alikuwa kwenye mafunzo ya mgambo, na Jumamosi palikuwa na mtihani wa usalama wa silaha. Asiyefaulu hafiki uwanja wa shabaha, anarudishwa nyumbani. Aliutaka mgambo kwa moyo wote, ila kusoma hakutaka.

"Kanuni ya kwanza?" Nasma, aliyekwisha kulisoma daftari la kaka yake, akamwuliza.

"Niache wewe! Mimi nimekulia dunguni, nalinda mpunga na gobore la baba mdogo. Nguruwe hawajaniuliza kanuni."

"Nguruwe hawasahihishi mtihani, kaka."

Tukacheka. Nami nilicheka.

Desturi yetu mnaijua. Anayeshuka dunguni hulifyatua gobore hewani kwanza, ndipo aliingize nyumbani. Kwa hiyo gobore lililomo ndani sote tunalihesabu tupu. Lakini asubuhi ile mwanangu Kondo, baba yao mdogo, alishuka akitetemeka kwa homa. Aliliegemeza ukutani, akaenda kulala.

Twalibu akalitwaa, kidole kwenye kifyatulio, akamwelekezea dada yake. "Simama! Nani wewe?"

Nasma hakucheka. Aliusukuma mtutu juu kwa mchi. "Usinielekezee, hata kama—"

Likalia.

Makuti yalitumwagikia kichwani. Moshi ulipopungua nilimwona Nasma kasimama, mzima, na paa lina tundu la kupitisha ungo. Twalibu alikuwa kachuchumaa, meno yanagongana. Mwingine angemtukana. Nasma alimletea maji, akamshikia kikombe mpaka akanywa.

"Haya, inuka," akamwambia. "Kanuni ya kwanza?"

"Kila silaha ina risasi," Twalibu akajibu huku analia, "mpaka uikague mwenyewe."

Tangu hapo hakulala mkekani tena. Kila jioni alisoma kwa sauti, mchi ndio bunduki yake, na Nasma akimrudisha mwanzo kila alipokosea. Kondo naye, homa ilipompungua, alikuja kumwomba radhi Twalibu, mtoto wa kaka yake. Wakalia wote wawili pale pale uani.

Siku ya mtihani mwalimu wao alimpa Twalibu bunduki. "Pokea. Mwenzio ameshaikagua, ni tupu."

Twalibu aliielekeza chini, kidole mbali na kifyatulio, akaifungua, akatazama ndani.

"Humwamini mwenzio?"

"Namwamini, afande. Bunduki ndiyo siiamini."

Afande alinisimulia mwenyewe alipopita kunisalimu. Siku ile ile walimpeleka uwanja wa shabaha.

FUNZO

Wanangu, desturi inashikwa na watu, na watu huugua, husahau. Silaha haijui kwamba ulikuwa unatania. Usimwelekezee mtu, na usikubali kuambiwa ni tupu kabla hujatazama kwa macho yako. Msione haya kujifunza upya jambo mnalodhani mmezaliwa nalo. Mimi nina mjukuu hai kwa sababu Nasma alizisoma kanuni kabla ya kaka yake mwenye mtihani.