Alama za Dole Gumba Ndani ya Buti

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka tu kununua gundi.

Gundi ya mpira, kopo dogo, duka ya pale chini kabla hujaanza kupanda kwenda msikiti wa Kibuli. Sikuenda kutafuta shetani. Nasema mapema, kwa sababu watu wa Kampala ukiwaambia umeona kitu, swali ya kwanza ni ulikunywa nini. Nilikunywa chai. Chai kavu. Na nilikuwa nimechoka mpaka kivuli yangu ilikuwa inabaki nyuma, nasimama nangoja inifikie.

Hunijui? Mimi ndio Bonny. Mtoto wa barak, kambi ya jeshi, baba sajini, Kiswahili yangu nimejifunza kwa kupigiwa kelele. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza vitu vya kunifundisha. Kazi yangu ni kunyoosha bati na kupaka rangi. Kuna gari ilikanyagwa na treni, nikainyoosha mpaka treni yenyewe ikarudi kuomba msamaha. Uliza mtu yeyote. Usiulize shemeji yangu Okwir, huyo ana wivu.

Okwir ni kaka wa mke wangu Aol. Kaka wa pekee. Wengine wote vita ya kaskazini ilikula. Siku Aol alipokubali niende na Okwir kazini aliniambia, "Bonny, huyu nakuazima. Nataka arudi jinsi alivyo." Hiyo maneno ndio iko kwa shingo yangu mpaka leo.

Sasa gari yenyewe. Amerika. Milango miwili, pua ndefu kama kiwanja, injini ya kunguruma mpaka kuku wa Nakasero wanataga bila kupanga. Ya miaka ya sabini. Ilikuwa imelala nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane huko Mulago, anaitwa Rosalba, imeoza, majani yanatoka kwa dirisha. Nashon akainunua. Nashon ni Mkenya wa Bungoma, anauza spea, na ana ugonjwa wa hizi gari za zamani. Akaniletea akasema:

"Bonny, irudi kama siku ilitoka kiwandani. Hata alama za wakaguzi usiniharibie."

Alama gani? Nikacheka. Kumbe ni kweli. Huko kiwandani mtu akikaza bolti, mkaguzi anapita na brashi, anaweka doti. Njano, nyeupe, kijani. Pengine anaandika na chaki kwenye bati, maana yake hii imepita. Mtu anayetengeneza gari kama hiyo anaosha pole pole, anapiga picha kila alama, anapaka rangi mpya, halafu anarudisha kila alama mahali yake. Bila hizo, wenye kujua wanasema gari imekufa, umeivalisha nguo tu.

Kwangu hiyo ni kazi ya kufumba macho. Nilikuta doti za njano kwa ekseli, chaki kwa bati ya mbele, mstari mweupe kwa springi. Nikapiga picha, nikarudisha. Mkaguzi mwenyewe akifufuka atadhani alizipaka jana.

Halafu nikafika kwenye mfuniko wa buti, kule nyuma kwa mizigo. Upande wa ndani.

Hapo kulikuwa na doti moja ya njano kwa bawaba. Sawa. Na karibu na kufuli, chini ya vumbi, kulikuwa na alama zingine. Kahawia. Zimekauka. Kila moja kiasi cha dole gumba. Nyingi, zimepandana, zingine zimevutwa kidogo kama mtu aliteleza.

Okwir akatia kichwa. "Shemeji, hii ni ya kiwanda kweli? Mkaguzi gani anapaka na dole?"

"Siku hiyo brashi zilikuwa zimeisha."

"Wazungu waishiwe brashi?"

"Okwir, kati yetu nani amenyoosha gari ya treni?"

Nikapiga picha. Nikaosha. Nikapaka mfuniko rangi mpya. Na kwa sababu mimi kazi yangu haina nusu, nikachanganya kahawia, nikachovya dole gumba langu mwenyewe, nikarudisha kila alama mahali yake. Moja moja. Dole juu ya dole.

Nilipomaliza, dole langu lilikuwa baridi. Baridi ya maji ya kisima. Nikasema ni thinner ya rangi.

Sasa turudi kwa gundi.

Nilifika gereji jua linazama. Okwir alikuwa ameshazungusha mpira mpya kwa buti, tukagundisha ile kona iliyokuwa inaachia. Mpira ukishakaa lazima uupime. Sisi hapa tunapima hivi: mtu anaingia ndani ya buti, mwingine anafunga, anamulika na taa kwa nje, aliye ndani anasema mwanga unapita wapi. Panapita mwanga, mvua pia itapita. Okwir ni mwembamba kama waya ya baiskeli. Akaingia, akajikunja.

"Funga."

Nikafunga.

Nikawasha taa ya simu, nikaanza kuzunguka na ile mstari ya mfuniko. Msikitini wakaanza adhana ya magharibi.

"Unaona?"

"Hapa kushoto... kidogo. Ngoja."

Nikangoja.

"Shemeji?"

"Nini?"

"Umeniwekea nani huku?"

Nikacheka. "Nimekuwekea bibi wa pili. Msalimie."

Hakucheka. Adhana ikaisha. Nikasikia anapumua. Haraka haraka. Halafu nikasikia pumzi nyingine, ya taratibu. Halafu nyingine, inakoroma, kama mtu mwenye maji kifuani.

"Bonny..." Alikuwa ananong'ona. "Usicheze. Fungua."

"Okwir, acha—"

"Tuko wengi."

Harufu ikatoka kwenye kufuli. Jasho. Mkojo. Na ile harufu ya chuma ambayo si chuma. Nikaweka ufunguo, nikazungusha. Ukazunguka. Ukazunguka tena, haushiki kitu, kama kijiko ndani ya chai.

Na gari ikashuka.

Nakuambia ikashuka! Springi mpya, nilizifunga kwa mkono huu, zikalia kriii, nyuma ikalala chini kama basi ya Gulu siku ya Krismasi. Mtu mwembamba kama Okwir hawezi kulalisha springi zile. Hata Okwir kumi hawawezi.

Ndani wakaanza kugonga. Si kwa ngumi. Kwa dole. Tap. Tap. Tap. Pale pale karibu na kufuli.

Hapo ndio nikaelewa zile alama zilitoka wapi. Bolti hakuna pale. Mkaguzi hana kitu cha kukagua pale. Ni mahali unasukuma ukiwa umelala chali, na mikono yako imefungwa pamoja.

Wazee wetu wanajua miaka ile ya sabini, ya serikali ya jeshi. Watu walikuwa wanaitwa nje kidogo, wanaingizwa kwenye buti, gari inaondoka. Sisi tulisikia tu, tulikuwa hatujazaliwa. Na mimi nimekuja na kopo yangu ya rangi...

Nilitaka kukimbia. Sifichi hiyo. Miguu ilikuwa imeshafika Jinja. Lakini nikaona uso wa Aol.

Nikaingia ndani ya gari, nikang'oa kiti cha nyuma. Nyuma ya kiti kuna kadibodi tu, halafu vyuma, halafu buti. Nikachana kadibodi. Giza. Mwanga wa simu ukaingia mle na ukaishia hapo hapo, kama umemezwa.

Nikaingiza mkono mpaka begani.

Mkono ukanishika.

"Okwir, nimekupata! Shika!"

Na sauti ya Okwir, mbali, chini kabisa kwenye kona, ikasema:

"Sijakugusa."

Banange. Ule mkono ulikuwa baridi, umelowa, na haukuwa na nguvu ya kuua mtu. Ulikuwa na nguvu ya mtu anayezama. Ningefanya nini? Ulikuwa kati yangu na Okwir. Nikavuta. Uzito ukaja, ukapita juu ya bega langu, ukanikwaruza sikio... halafu hakuna kitu. Sikuona mtu. Nikasikia tu miguu mitupu, imelowa, chap, chap, kwenye simenti, inaenda kwenye geti. Bati ya geti ikalia. Springi zikapanda kidogo.

Nikaingiza mkono tena. Mwingine akanishika.

Nikavuta.

Mwingine.

Mimi nimewahi kubeba injini ya lori kwa kichwa nikiwa napiga mluzi. Jioni hiyo nilivuta mpaka mabega yakawa uji. Mkono mkubwa. Mkono mdogo wa mwanamke, na kamba bado iko juu yake. Mkono hauna kucha. Hakuna aliyesema asante. Wanatoka tu, wamechoka, wanaenda, na mimi nimechoka kuliko wao, nalia kamasi bila aibu, naita, "Okwir, uko?"

"Niko."

"Usilale."

"Wananikalia, shemeji. Vuta."

Navuta.

Mwisho nikaingiza mkono nikakuta mkono mkavu. Mgumu, una pete, unanuka tumbaku. Nikaushika. Ukakataa. Ukanisukuma, pole pole tu, kama vile unamwambia mtu akuache umalizie kazi. Halafu ukachukua mkono wangu ukaupeleka kwenye kona, ukauweka juu ya mkono wa joto.

Huyo alikuwa Okwir. Nilimtoa kama unavyotoa ndama, kichwa kwanza. Tukaanguka wote wawili kwenye simenti, na msikitini wakaanza adhana ya isha.

Alikuwa ananing'ang'ania shati. "Kuna mzee mle," akasema. "Alikuwa amenishikilia. Kila mkono wako ukija alikuwa ananirudisha nyuma. Anasema, wao kwanza."

Nikajaribu ufunguo. Kufuli likafunguka, laini, kama siagi. Nikamulika. Buti tupu. Mpira wangu umekaa vizuri. Alama zangu zimekauka vizuri.

Lakini gari ilikuwa bado imelala upande wa kushoto.

Kesho yake asubuhi nilimpigia Nashon. Akasema nimelewa. Nikamwambia alete yule mama au aje achukue gari yake kwa kijiko. Mego Rosalba, mego ni mama kwa Kiacholi, akaja na boda, mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, anatembea kama kila hatua ameiombea ruhusa. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye buti, akaangalia mfuniko.

"Nani amepaka hizi?"

"Mimi, mego. Nilidhani ni za kiwanda."

"Za kiwanda." Akashusha pumzi. "Nilimwambia huyu Mkenya buti asiiguse. Wamegonga miaka yote hiyo, kijana wangu. Nyumbani nilikuwa nawasikia mvua ikinyesha. Mimi sikuwahi kugonga kurudisha. Wewe umeitika kwa dole lako."

Okwir akamletea kiti. Akakaa, mkono wake juu ya bati.

"Baba Aber, mume wangu, alikuwa dereva tu," akasema. "Wakubwa wanampa gari jioni, wanamwambia peleka mahali fulani. Anapeleka. Ananiambia, Rosalba, mimi naendesha tu, sijui nyuma wameweka nini. Halafu siku moja gari ikarudi nyumbani, lakini aliyekuwa anaendesha ni mtu mwingine. Akaweka ufunguo mezani akaenda."

"Na yeye?" nikauliza.

"Sikufungua buti."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anagonga sufuria.

Nikamwambia habari ya mkono mkavu, pete, tumbaku. Akafunga macho. Kisha akainuka, akaingia ndani ya gari kwa taabu, akapitisha mkono wake kwenye ile tundu nyuma ya kiti. Akaanza kuongea Kiacholi, chini chini, kama mtu anayemuamsha mgonjwa. Aliongea mpaka jasho likaniisha. Nilikuwa naangalia springi. Nilikuwa naomba zipande. Hazikupanda.

Akatoka. Akafuta mkono kwenye nguo.

"Amekataa?" Okwir akauliza.

"Anasema amechoka kukaa mle. Lakini hatoki mpaka aje mtu aliyefunga."

"Aliyefunga miaka ile? Huyo si ameshakufa, mego?"

Mego Rosalba akaelekeza kidole kwenye mfuniko. Okwir mwenyewe akageuka pole pole, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, nafuta mfuniko ambao ulikuwa safi.

"Mego," nikasema, "mimi nilikuwa napima mpira tu."

Akaniangalia na macho ya mtu ambaye amesikia hiyo 'tu' kila jioni, mlangoni kwake, kabla gari haijaondoka.

"Eh," akasema. "Basi ingiza mkono, mwambie mwenyewe."

Ile tundu nyuma ya kiti iko wazi. Gari bado iko kwangu, imelala kushoto. Nashon hashiki simu. Okwir anaenda kazini na kurudi kwa dada yake jinsi alivyo, ila akilala anajikunja.

Mkono mimi bado sijaingiza. Nitaingiza. Nikipumzika kidogo.