Kwa Nini Mama Hakumuuliza Profesa

Blauzi ilikuwa imenyooka zamani, lakini Profesa bado alikuwa anaipiga pasi. Pasi ilikuwa ya moto. Mikono yake ilikuwa baridi.

Profesa ni jina la utani. Baba yake alimpa siku alipoingia chuo kikuu kusomea kilimo. Wakati ule lilimpendeza. Sasa amemaliza, tena kwa alama nzuri, lakini usaili wa kwanza umemwangusha. "Unajua mengi, binti," walimwambia, "ila hatukukuelewa." Kesho anakwenda kwenye kampuni ya mbegu. Wanatafuta mtu wa kuwashauri wakulima. Je, akishindwa tena?

Uani, mama yake alikuwa anachambua nyanya. Nzima huku, zilizooza kitako kule. Fungu la zilizooza ndilo lililokuwa kubwa.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, akapiga hodi. Alikuja kununua nyanya.

"Shoga, hizi zimepatwa na nini?"

"Zinaoza kitako. Msimu wa pili huu. Muuza dawa kaniuzia hii, nikapiga. Kaniuzia ile, nikapiga. Wapi!"

"Na Profesa si yumo ndani? Wewe una kisima uani, unakwenda kuomba maji mtaani!"

Profesa alisikia, akatoka mbio. "Mama, hilo ni tatizo la kifiziolojia! Ni upungufu wa kalsiamu katika tishu za tunda, kutokana na kuyumba kwa unyevu kwenye ukanda wa mizizi."

"Sawa, mwanangu," mama akasema, akaendelea kuchambua.

Muuguzi akatabasamu. "Haya, muulize ameelewa nini."

Profesa akauliza. Mama akainamia nyanya zake. "Nimeelewa kwamba mwanangu amesoma."

"Sasa mbona hukuniuliza mapema, mama?"

"Nilikuuliza msimu uliopita. Ukanijibu hivyo hivyo. Nikaona haya kuuliza tena."

Maneno hayo yalimchoma Profesa kuliko yale ya usaili. Ikiwa mama mzazi anaona haya, mkulima asiyemjua je? Machozi yakamlengalenga.

"Usilie, mwanangu," muuguzi akasema. "Na mimi nilianza hivyo. Nilimweleza mama mmoja dawa ya mtoto kwa maneno ya kitabuni. Akaitikia 'ndiyo, dada' kwa kila neno. Alipofika nyumbani, akampa dawa ya siku nzima kwa mara moja! Bahati mtoto alipona. Tangu siku ile, nauliza kwanza. Nasikiliza. Nasema kwa maneno ya nyumbani. Kisha namwomba mtu anieleze alichoelewa. Asipoweza, kosa si lake. Narudia mimi. Haya, jaribu kwa mama yako."

Profesa akachuchumaa karibu na ungo wa nyanya. "Mama, nyanya unazimwagilia lini?"

"Nikipata nafasi. Wiki nzima zinakaa kavu, halafu naja kuzilowesha mpaka tope."

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Mmea unanyonya chakula pamoja na maji. Maji yakikatika, chakula hakifiki kwenye kitako cha tunda, na kitako kinaoza. Dawa ya dukani haisaidii. Mwagilia kidogo kidogo, bila kuruka siku nyingi. Funika udongo kwa nyasi kavu usikauke upesi. Sasa nieleze wewe."

Mama akaeleza, neno kwa neno. Kisha akamkazia macho. "Ndiyo hayo tu? Mbona hukusema?"

Kesho yake, kwenye usaili, waliohoji walimleta mkulima mmoja wa makamo. "Mahindi yangu yamegeuka njano," akasema. "Nifanyeje?"

Profesa akajibu upesi. "Hiyo ni klorosisi inayo..." Mkulima akaanza kuitikia kwa kichwa, macho chini, kama mama. Profesa akaliacha neno katikati. Wote walikuwa wanamtazama.

"Samahani, baba. Naomba nianze upya. Unjano ulianzia majani ya chini au ya juu?"

"Ya chini."

"Na samadi au mbolea ulitia?"

"Ya kupandia tu."

"Basi mahindi yako yana njaa, baba. Yanahitaji mbolea ya kukuzia. Itie wakati udongo una unyevu, kando ya shina, isiliguse. Ukifika nyumbani, utamwambiaje mama watoto?"

Mkulima akaeleza yote, tena kwa mikono. Mmoja wa waliohoji akaweka kalamu chini, akasikiliza.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Simu ikilia, Profesa anaruka. Mwishowe waliompigia walikuwa watu wa kampuni ya mbegu: aanze kazi.

Nyanya zilizofuata ziliiva na vitako vizima. Na jioni moja, Profesa akiwa anavua viatu vya kazini, mama aliita kutoka kwenye matuta:

"Profesa! Njoo kwanza, nina swali."

Akaenda peku.