Bakuli Lililorudi Tupu

Ukumbi wa kituo cha zimamoto ulijaa mpaka mlangoni siku ya karamu ya vitunguu mwitu, inayofanywa bondeni kila mwaka. Doyle Stamper alipanga foleni na sahani yake, hana njaa, hana hamu, hana lolote. Tangu mkewe Oleta afie njiani ndani ya gari la wagonjwa, kwa kuwa wakubwa walikwisha kuifunga hospitali ya karibu, wao wenyewe wakitibiwa mjini, Doyle alikula kama mtu anayetia kuni jikoni.

Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka. Sweta la kijani, nywele zenye mvi zimefungwa kitambaa, viatu vyeupe vya mjini vimelowa matope.

"Samahani kaka, hivi harufu ya vitunguu hivi inakaa mdomoni siku ngapi?"

"Tatu. Ukivipenda sana, nne."

"Na aliye nyumbani anavumiliaje?"

"Ndiyo maana tunakula wote. Kwani nyumbani yuko nani?"

"Hakuna mtu." Akacheka. "Mjanja wewe!"

Ndiye Marianne Kessler, muuguzi mpya wa zahanati ya bondeni. Verna, dada wa marehemu Oleta, aliyekuwa akipakua chakula, akapiga kelele: "Shemeji, sogea bwana, watu wana njaa!"

Tangu hapo simu ya Doyle ikawa inalia kila jioni, Marianne ndiye anayepiga.

"Mpenzi, leo nimepungiwa mkono na dereva nisiyemjua kabisa!"

"Alikuwa anafukuza nzi."

"Mwongo! Nimepapenda huku, Doyle."

"Unapenda nini? Wakubwa wamechukua makaa ya mawe, wamechukua shule, wametuachia vumbi."

"Wamewaacha nyinyi."

Doyle alicheka kwa mdomo. Kifua hakikuwa na habari.

Siku moja Doyle akampelekea Marianne bakuli la maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe ya moshi. Baadaye akalikuta barazani kwake limeoshwa, linang'aa, tupu. Bondeni kule bakuli la mtu hurudi na kitu, hata yai, hata viazi viwili. Likirudi tupu, maana yake basi, tusijuane. Doyle akalitia kabatini. Hakuumia. Au aliumia, asione tofauti. Simu ikalia, akaitazama, hata ikachoka yenyewe.

Haikupita wiki wakubwa wakatangaza kuwa zahanati nayo inafungwa. Verna akaingia bila hodi.

"Shemeji, muuguzi wako anafunga mizigo."

"Aende. Amenirudishia bakuli tupu."

Verna akashika kiuno. "Mtu wa mjini yule! Kwao kulirudisha safi ndiyo heshima. Ulimwambia desturi yetu?"

"Kila mtu anaijua."

"Kila mtu aliyezaliwa hapa, mjinga wewe!"

Doyle akavaa shati la Jumapili, akawasha gari. Alimkuta Marianne barazani katikati ya maboksi, gauni la buluu, macho mekundu.

"Nimekupigia mpaka nikaona haya. Nilikukosea nini?"

Doyle akamweleza desturi ya bakuli. Marianne akaanza kucheka, katikati kicheko kikageuka kilio. "Nililisugua mpaka vidole vikauma, Doyle! Nilitaka ling'ae!"

"Nimejua leo."

"Umechelewa. Kazi sina, dada yangu ameniombea nafasi mjini Cincinnati. Na hapa hata nikizeeka nitaitwa mgeni. Nipe sababu moja ya kubaki."

Doyle akatafuta maneno matamu, asiyapate. Akanyoosha kidole mlimani, kwenye makaburi ya ukoo wake.

"Kule juu, Oleta yuko kulia kwangu. Kushoto pana nafasi. Kule hazikwi mgeni."

Marianne akafuta macho kwa kiganja.

"Doyle Stamper, hiyo ni posa?"

"Sina nyingine."

Marianne akamtazama, akautazama mlima. "Jua linafika kule, au ni kivuli kutwa?"

"La asubuhi linafika."

"Basi rudisha maboksi ndani, mpenzi. Mimi mgongo unaniuma."

Doyle akainama, akabeba la kwanza. Lilikuwa zito, na kwa mara ya kwanza tangu Oleta afe, mikono yake ikausikia uzito.